Cork Hakuna Dirisha la Usajili

Jumatatu ya Julai 21, 2025, nilitoka zamu ya usiku nikapitia kituo cha mafuta kununua maziwa. Mbele yangu kwenye foleni alisimama mzee mwenye jezi nyekundu ya Cork, kaunti ninayoishi huku Ireland, ileile ya jana yake. Kwa jinsi ilivyojikunja mgongoni, nadhani alilala nayo. Binti wa kaunta akamuuliza taratibu, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, kama aliiona fainali.

"Nusu niliiona."

Akalipa, akachukua mkate wake, akatoka.

Mimi niliziona nusu zote mbili. Wiki zimepita na ile ya pili bado inanitembelea, hasa usiku kazini, wazee ninaowahudumia wakishalala na mimi nimebaki na chai yangu na korido ndefu. Najua ukurasa huu huwa naandika habari za maisha ya ughaibuni, vibali, baridi na watoto. Leo mnivumilie, ni mpira. Tena mpira ambao wengi wenu hamjawahi kuuona.

## Pointi mbili

Hurling ni mchezo wa Waairishi, wa fimbo na mpira mdogo wa ngozi, 15 kwa 15, dakika 70. Ukiingia wavuni ni goli, na goli moja ni pointi 3. Ukipita juu ya mwamba katikati ya nguzo ni pointi 1. Matokeo huandikwa magoli kwanza, pointi zikafuata. Hayo yanatosha kunifuata.

Fainali ya ubingwa wa Ireland ilikuwa kati ya kaunti mbili, Cork na Tipperary, uwanja wa Croke Park, Dublin, watu zaidi ya 82,000. Mpaka mapumziko Cork 1-16, Tipperary 0-13. Cork mbele kwa pointi 6, na lile goli la Shane Barrett likiwa limeingia dakika za lala salama za kipindi cha kwanza, wakati ambao humvunja mtu moyo akiwa anaelekea chumba cha kubadilishia nguo.

Mwisho wa mchezo: Tipperary 3-27, Cork 1-18.

Toa hesabu mwenyewe. Timu iliyofunga 1-16 katika nusu saa na ushei ilirudi uwanjani ikafunga pointi 2. Dakika 35, pointi 2. Wenzao katika muda huohuo walifunga 3-14.

Nilikuwa sebuleni kwa jirani. Ukoo wake mzima ulikuwepo, viti havikutosha, mimi na mwanangu tukakaa kwenye zulia. John McGrath alipofunga goli la kwanza la Tipperary watu waliguna tu. Kisha Eoin Downey, beki wa kati wa Cork, akamwangusha McGrath huyohuyo: kadi ya njano ya pili, nje, penalti, goli. Kisha McGrath tena. Cork nao wakapata penalti yao, Conor Lehane akaipiga, kipa Rhys Shelly akaipangua. Hapo baba mkwe wa jirani akanyoosha mkono akachukua rimoti, akazima sauti. Picha akaiacha. Tuliangalia sehemu iliyobaki hivyo, wachezaji wanakimbia, umati umeinuka, na sisi tunasikia birika tu jikoni. Huyo kipa Shelly alifunga hata pointi yake mwenyewe siku ile, kutoka mbali, kipa!

Nilitegemea matusi. Nilijiandaa hata kumziba mwanangu masikio.

Hayakuja.

## Simu ya mjomba

Jumanne mjomba alipiga kutoka Tanga. Nilikuwa nimemtumia klipu kwenye WhatsApp.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Nimewaona hao watu wenu wa fimbo. Wale wekundu wameuza mechi?"

"Hawajauza, mjomba. Wale hata mshahara hawana."

Akanyamaza kidogo. "Sasa watawatema akina nani?"

Nilicheka, nikabadilisha mazungumzo, tukaingia kwenye habari za mvua. Lakini swali lilikuwa limeshakaa.

Mimi na mjomba ni Simba. Novemba 5, 2023 tulikuwa 1-1 na Yanga hadi mapumziko, tukajipongeza. Kipindi cha pili zikaingia nne. Tano moja. Siku chache baadaye kocha Robertinho alishafunga virago, na kila mwanasimba alikuwa na orodha yake ya watu wa kuachwa dirisha likifunguliwa. Orodha yangu ilikamilika kabla ya filimbi ya mwisho. Sioni aibu kusema ilinisaidia kulala. Ukishajua kosa ni la nani, na kwamba huyo nani anaweza kuondolewa akaletwa mwingine kutoka Abidjan au Lubumbashi, maumivu yanapata pa kwenda.

Cork hakuna dirisha la usajili. Hakuna wakala, hakuna ada ya uhamisho, hakuna mkopo. Chama cha michezo ya jadi ya Ireland kilianzishwa 1884, hotelini mjini Thurles, huko huko Tipperary, na mpaka leo wachezaji wake ni wa ridhaa. Wanarudishiwa nauli, serikali inawapa ruzuku kidogo, basi. Wanaocheza mbele ya watu 82,000 Jumapili ni walimu, mafundi, wakulima na wanafunzi wa chuo. Unacheza klabu ya parokia yako, na kaunti ya klabu yako ndiyo kaunti yako. Zipo kanuni za kuhama kwa mtu aliyehamisha makazi kweli, lakini kuamka tu ukasema Kilkenny wanashinda sana, naenda Kilkenny, hilo halipo.

Kwa hiyo baba mkwe wa jirani yangu angemtukana nani? Mama za wale vijana anapanga nao foleni ya mboga.

Sisemi Waairishi ni malaika. Simu zao zina ulimi kama zetu, na usiku ule zilisema. Ila nilichokiona sebuleni ni watu waliokuwa na hasira na hawana pa kuipeleka.

## Kijana wa kadi mbili

Kama ningekuwa naandika habari za Cork tu ningeishia hapo, nikasema mfumo huu unaumiza. Kilichonirudisha nyuma ni upande wa pili wa uwanja.

Turudi Aprili 27. Mechi ya ligi ya Munster, mkoa wa kusini wenye Cork na Tipperary, nyumbani kwa Cork, Páirc Uí Chaoimh. Tipperary wanamtegemea kijana wa miaka 19, Darragh McCarthy, mpigaji wao wa mipira ya adhabu. Kabla mwamuzi hajautupa mpira mchezo uanze, McCarthy anampiga mpinzani wake fimbo. Kadi nyekundu. Mchezo haujaanza na yeye ameshamaliza. Tipperary wakacheza watu 14 mechi nzima, wakafungwa 4-27 kwa 0-24.

Hebu fikiria kijana huyo yupo kwenye timu zetu. Kesho yake redio asubuhi hadi jioni. Wachambuzi wanasema hana nidhamu, hajakomaa, apelekwe kwa mkopo Singida akajifunze maisha. Na huenda kweli angepelekwa.

McCarthy alibaki, kwa sababu njia nyingine haikuwepo. Mwezi Mei akabeba na wenzake ubingwa wa vijana chini ya miaka 20. Julai 6, nusu fainali dhidi ya Kilkenny, akapewa tena nyekundu, safari hii kwa njano mbili. Tipperary wakiwa pungufu waliponea kwa goli la jioni la kijana mwingine aliyetoka benchi, Oisín O'Donoghue, 4-20 kwa 0-30.

Kadi mbili nyekundu katika msimu mmoja wa mechi chache. Na kocha wake, Liam Cahill, naye hakuwa na mtaji wa kujivunia. Msimu wa 2024 Tipperary walimaliza mkiani Munster bila ushindi hata mmoja, wakafungwa na Cork 4-30 kwa 1-21 hapo hapo Thurles, mashabiki wa Cork wakiwa wamejaza uwanja hadi ukaonekana wa kwao. Aprili 2025 Cork hao hao waliwafunga tena fainali ya ligi ndogo. Kocha wa rekodi hiyo kwetu hafiki Juni.

Julai 20 Cahill alimpanga McCarthy. Akampa fimbo ya mipira ya adhabu, mbele ya wale wale aliotolewa mbele yao Aprili. Kijana akafunga 1-13, goli likiwa ile penalti.

Na tofauti ya mwisho? Aprili walifungwa kwa pointi 15. Julai wakashinda kwa pointi 15.

Mfungaji wa magoli mawili, John McGrath, ni habari ileile kwa sura nyingine. Wakati huo alikuwa na miaka 31. Mwaka 2022 alikatika mshipa wa kisigino, na wengi walishamhesabu kuwa amekwisha. Kaka yake Noel, aliyeingia kutoka benchi siku ya fainali, ana ubingwa tangu 2010, na katikati hapo alipita kwenye kansa, akapona, akarudi uwanjani. Timu yenye hela ingeshawaaga hawa wawili kwa video nzuri ya shukrani kwenye Instagram, wimbo wa taratibu chini yake.

## Uvumilivu, au kukosa mnunuzi?

Hapa ndipo nilipokwama, na hapa ndipo makala hii ilipokaa wiki kadhaa haiendi mbele.

Nilitaka kuandika kwamba Waairishi wana subira na vijana wao. Ingekuwa makala tamu, ya kushea. Nikamweleza mwenzangu wa kazini, dada mmoja mtu wa Thurles, tukiwa tunakunja mashuka. Akanitazama.

"Subira gani? Baada ya Kilkenny, mimi ningemuuza kwa euro tano."

Akaniambia nyumbani kwao waligombana wiki nzima kama yule kijana apangwe. Baba yake hakutaka. Kaka yake alitaka. Mama akasema yeyote atakayelitaja tena jina hilo mezani atajipikia. Sasa hiyo si subira. Ni familia iliyokosa mlango wa kutokea, ikabidi ikae na mtu wake.

Na ukikosa mlango wa kutokea, wanaoteseka si wabaya tu. Mtazame Patrick Horgan wa Cork. Aliingia timu ya kaunti 2008, miaka 3 baada ya Cork kutwaa kombe kwa mara ya mwisho. Ni miongoni mwa wafungaji wakubwa kabisa katika historia ya mchezo huu. Alicheza fainali ya 2013, ikaisha sare, wakarudiana na Clare, wakafungwa. Fainali ya 2021, Limerick wakawapiga. Fainali ya 2024, muda wa nyongeza, Clare 3-29, Cork 1-34, yaani pointi moja. Kisha hii ya 2025. Ameshastaafu kuichezea kaunti, na medali ile hana.

Harry Kane alipochoka kusubiri Tottenham alifungasha akaenda Bayern, na 2025 akabeba ubingwa wa Ujerumani. Horgan angekwenda wapi? Limerick, waliobeba kombe mara 5 kati ya 2018 na 2023, wapo mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka kwake. Ingekuwa mpira wa kulipwa angevaa kijani, angekuwa na medali droo nzima, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikaa Cork misimu 18.

Na huyo bado ni wa kaunti kubwa. Kombe hili lina wenyewe: Kilkenny wamelibeba mara 36, Cork 30, Tipperary sasa 29. Ukizaliwa Leitrim, kipaji chako kikiwa kikubwa namna gani, utachezea Leitrim, na Leitrim wako daraja la chini kabisa. Zak Moradi, mtoto wa Kikurdi aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Iraq, alicheza huko, na 2019 walibeba kombe la daraja hilo. Walishangilia kama wengine tu. Lakini Croke Park ya Julai, siku ile kubwa yenyewe, hakuwa na njia ya kuifikia na jezi hiyo.

Kwa hiyo ule ukosefu wa soko uliomwokoa McCarthy ndio uliomfungia Horgan. Sijui nifanye nini na hilo. Kuna siku namwonea wivu mzee wa jezi iliyokunjamana, kwamba timu yake haiwezi kuuzwa kipande kipande. Kuna siku namwonea huruma, kwa sababu tangu 2005 amefungwa fainali tano na hana hata mtu wa kumtuma akalete mshambuliaji. Kocha Pat Ryan ameondoka, muda wake uliisha. Aliyepewa nafasi ni Ben O'Connor, nahodha wa Cork bingwa ya 2004. Hata mganga mpya katoka nyumba ileile.

Kama mnanilazimisha nichague, nachagua huu wao. Nauchagua kwa shingo upande, na najua ni rahisi kwangu, sijasubiri miaka 20. Muulizeni Horgan.

## Wa hapa

Tatizo ni kwamba jambo hili limeniingia nyumbani.

Jirani yangu, mtu mwema sana ila kwake Afrika Mashariki yote ni Iten, mji wa wanariadha kule Kenya, kwa sababu Bruda Colm O'Connell, aliyewafundisha mbio akina Rudisha, ni mtu wa Cork, amekuwa akimchukua mwanangu Jumamosi asubuhi kwenye klabu ya parokia. Watoto hamsini kwenye nyasi zenye umande, walimu wa kujitolea, fimbo zinagongana kama mafundi wanaezeka. Mwanangu ana miaka saba. Tangu fainali haongei kingine.

Na kwa sheria ninayoielewa sasa, akikua akiwa mzuri, yeye ni Cork. Hatauzwa. Akitoa ujinga uwanjani kama McCarthy watakaa naye. Akiwa hodari kama Horgan na timu ikawa mbovu, atakaa nayo yeye. Mimi niliyehama bara kutafuta malisho, namlea mtoto kwenye mchezo usioruhusu mtu kuhama kaunti.

Je, watamkubali kuwa wa kwao? Hilo nililiuliza kwa kuzunguka, kwa aibu ya mgeni. Baba mkwe wa jirani, yule wa rimoti, akanijibu kwa jina moja: Seán Óg Ó hAilpín. Nahodha aliyeinua kombe la Cork mwaka 2005, lile la mwisho. Mama yake ni wa Rotuma, Fiji, na yeye mwenyewe kazaliwa huko, akapitia Australia, akafika Cork ana miaka 11 hajui hata namna ya kuishika fimbo. Siku anapokea kombe, hotuba aliitoa kwa Kiairishi, lugha ambayo wengi wa waliokuwa wakimsikiliza hawaiongei nyumbani.

Nikamwambia huyo ni mmoja. Akasema mmoja anatosha kuanzia. Sikukubaliana naye, bado sikubaliani. Mtoto mweusi kwenye nchi hii atahitaji zaidi ya mfano mmoja wa miaka 20 iliyopita, na yapo maneno ambayo mzee huyo hajawahi kuyasikia uwanjani kwa sababu hayakuelekezwa kwake. Ila nilirudi nyumbani nikatafuta ile hotuba, tukaiangalia na mwanangu, yeye akarudia kuiangalia peke yake.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kununua fimbo. Muuzaji alimsimamisha wima, mikono imening'inia, akaipima kutoka sakafuni hadi mfupa wa kifundo cha mkono, akakata kamba ya mpira ya kuzungushia mshikio akaivuta kwa meno. Rangi ya mshikio ikabidi mtoto achague. Nyekundu, bila kufikiri. Kofia ngumu nayo ni lazima, ina wavu usoni, na bei yake ilinifanya nimuulize muuzaji mara mbili.

Mjomba nikamtumia picha. Akajibu kwa sauti, sekunde kumi hivi: "Mzuri huyo, mama. Ila mwambie nyekundu ni Simba, hao wengine baadaye."